Niliambiwa naligeuza kanisa kuwa shirika la misaada. Je, nimekosea?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni shemasi na mhazini wa kamati ya diakonia, yaani huduma kwa wenye shida, usharikani kwetu. Mwaka jana tulikubaliana sehemu ya sadaka ya kila mwezi iende kwenye kituo cha watoto yatima kilicho jirani nasi, ambacho wanaokiendesha si Wakristo. Mwaka huu mzee mmoja wa kanisa alisimama kikaoni akasema kazi yetu ni roho za watu, na kwamba Bwana mwenyewe alisema maskini tutakuwa nao siku zote. Mchango ukasitishwa. Nilipouliza kwa nini mlinzi na mama anayefagia kanisa hawajalipwa miezi mitatu huku tukichangishana kukarabati madhabahu, niliambiwa naingiza siasa kanisani. Mimi nimelelewa na mama mjane, na ni kanisa lililotulisha. Nimevunjika moyo, nafikiria kuhama. Je, nimekosea?

JIBU: Dada yangu, hukukosea. Nalisema mapema ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia.

Kwamba Mkristo anapaswa kutoa, hakuna anayebisha, hata huyo mzee. Ugomvi uko kwingine. Sadaka ikishaingia kapuni, je, ni halali itoke nje ya mlango wa kanisa imfuate asiye wa kwetu? Na kanisa likidai haki ya mtu, je, limeiacha Injili? La kwanza nitalijibu kwa ufupi. La pili ndilo linaloniuma.

Lakini kwanza andiko la mzee. "Siku zote mnao maskini pamoja nanyi." Nimelisikia likisomwa hivyo kwenye vikao vingi, na kila mara msomaji hukomea hapo. Marko anaendelea: "na kila mpendapo mwaweza kuwatendea mema." Tena Bwana alikuwa akigusa Torati, Kumbukumbu la Torati 15:11, na waliokaa naye mezani Bethania waliujua mstari huo unavyoishia: maskini hawatakoma katika nchi, ndipo ninakuamuru umfumbulie mkono nduguyo. Kutokukoma kwa maskini ndiyo sababu ya amri, nasi tumeifanya udhuru. Mlango huo wa 15 unaanza na kufuta madeni kila mwaka wa 7, na unamkemea mtu anayepiga hesabu kwamba mwaka huo umekaribia, akamnyima maskini mkopo. Kumbe wapiga hesabu wa namna hiyo walikuwapo tangu zamani.

Kuhusu kituo cha wasio Wakristo, watakusomea Wagalatia 6:10, "hasa jamaa ya waaminio". Ni kweli, na neno hilo lina uzito: mjane wa kwenu asilale njaa mkienda kulisha wa mbali. Lakini "hasa" haimaanishi "tu", na maneno yanayotangulia ni "tuwatendee watu wote mema". Mwaka 362 hivi mfalme Juliano wa Rumi, aliyelelewa Mkristo kisha akarudia miungu ya kale, alimwandikia kuhani mkuu wake wa Galatia akilalamika kwamba ni aibu: Wagalilaya, ndivyo alivyotuita, wanawalisha maskini wao na maskini wetu pia. Adui wa kanisa alituona kwa alama hiyo. Leo sisi wenyewe tunataka kuifuta kwa azimio la kikao! Watoto wale msiwape kwa sharti la kuja ibadani. Chakula chenye ndoana ndani si sadaka.

Sasa hili la "kazi yetu ni roho". Wanaolisema hukimbilia Matendo 6, mahali mitume waliposema haipendezi waliache Neno la Mungu wahudumie mezani. Basi tuisome vizuri. Manung'uniko yale hayakuhusu chakula kupungua. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, yaani waliosema Kiyunani, walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, wale wa Waebrania, wenyeji, wakipata. Chakula kilikuwapo, ila ugawaji wake ulikuwa na upendeleo. Hilo ndilo tunaloliita leo suala la haki, na lilizuka ndani ya kanisa la Yerusalemu, mitume wakiwa hai. Je, walimwambia aliyelalamika kwamba analeta siasa? Waliita mkutano wa wanafunzi wote, wakachaguliwa watu 7. Yaangalie majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Inaelekea kapu lilikabidhiwa watu wa upande ule ule uliodhulumiwa. Mimi sijui kanisa la leo lenye ujasiri huo.

Tena mitume waligawana kazi, hawakusema moja ni ya Mungu na nyingine ya dunia. Waliwekea mikono wahudumu wa meza. Stefano, mtu wa mgawo wa chakula, ndiye aliyetoa hotuba ndefu kuliko zote katika kitabu hicho na kuifia. Filipo, mwenzake wa kapu, ndiye aliyeipeleka Injili Samaria. Anayetaka kutenganisha sahani na Neno aniambie Filipo amweke upande gani.

Na sadaka ya Jumapili, tangu mwanzo ilikuwa ya nani? Yustino Shahidi, mwalimu Mkristo wa kale, akieleza ibada za Wakristo katikati ya karne ya 2, anasema kinachokusanywa huwekwa kwa msimamizi, naye huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, waliofungwa na wageni. Ukarabati wa madhabahu hautaji. Mimi sipingi madhabahu nzuri, lakini ukarabati usikae juu ya mshahara wa mtu.

Hapo ndipo penye jipu, na nitalitumbua. Dada, swali lako la kituo lilimkera mzee, ila nadhani lililomchoma ni la mlinzi na mama mfagizi. Kutoa msaada kunatupendezesha. Tunapigwa picha tukikabidhi magunia. (Hilo la picha nalo lina siku yake.) Lakini mshahara ni deni, na kulipa deni hakumpendezeshi mtu. Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na vilio vya waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Torati inataka kibarua maskini alipwe kabla jua halijachwa. Ninyi jua limewachwea mara zaidi ya 80. Anayeita hilo siasa aisome Amosi 5, aone Mungu anavyozikataa sikukuu na nyimbo za watu kwa ajili hiyo hiyo.

Siasa ya vyama ni jambo jingine. Mimbari haiazimwi na mgombea, na ukiona kamati yenu inaanza kubeba bendera ya mtu, hapo mzee atakuwa na haki ya kusimama. Kumdai mwajiri, awe nani, amlipe mfanyakazi wake, hakumo humo. Basili wa Kaisaria, mwalimu wa kanisa la kale, wakati wa njaa ya mwaka 369 hivi aliwalisha wenye njaa, na mimbarini aliwakemea wazi matajiri waliofungia nafaka ghalani. Hakuona kwamba moja linamzuia jingine.

Kuhama nisingekushauri, angalau si sasa. Ukiondoka, mlinzi atabaki na nani kikaoni? Ila usirudi na hasira, maana mzee akishakutambua kwa hasira hatakusikia tena. Nenda kwake nyumbani na shemasi mmoja mnayeheshimiana, kabla ya kikao. Mpe heshima yake ya umri. Beba daftari la hesabu: Paulo alipopeleka mchango wa Yerusalemu alikataa kuubeba peke yake ili asilaumiwe, 2 Wakorintho 8:20. Zikague pia hesabu za kituo, mjue fedha mnazopeleka zinawafikia watoto. Mzee akiona karatasi ziko wazi, nusu ya hofu yake inaweza kwisha. Pengine aliwahi kuona fedha za maskini zikiliwa, na hajasema.

Kikaoni usianze na kituo. Omba malimbikizo ya mishahara yawe ajenda ya kwanza, kabla ya madhabahu, na uombe iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba umeomba. Wakikataa, mwandikie mchungaji wako, kisha ngazi ya juu yake, kwa utaratibu wa kanisa lenu, bila kupitia vikundi vya simu.

Na huyo mama anayefagia, miezi mitatu ni mirefu. Mpitieni wiki hii, kabla ya kikao chochote, muulizeni nyumbani wanakula nini.