Miezi 8 na hatambai: usiwe na wasiwasi

Dadangu, mwanao anakaa mwenyewe na anajisogeza kwa makalio. Hapo si lazima pawe na tatizo, hata kama mavyaa yako asema wajukuu wengine wote walitambaa kwa miezi 7. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa nchi tano, majirani zetu wa ng'ambo ya bahari, Oman, wakiwemo. Matokeo ya 2006 yalionyesha asilimia 4 hivi hawakupitia kutambaa kwa mikono na magoti kabisa, na kutembea bila kushikwa kulianza popote kati ya miezi 8 na karibu 18.

Tandika mkeka uwani, mlaze kifudifudi akiwa macho na hajatoka kunyonya sasa hivi, kisha weka kifuniko cha sufuria mbele kidogo tu ya vidole vyake. Mwangalie anavyosukuma sakafu kwa kidole gumba cha mguu. Mwache ahangaike kidogo kabla hujamsogezea.

Kile kigari cha magurudumu ulichonunua, anachokalishwa mtoto ndani akisukuma kwa miguu, tafadhali kiondoe. Hakimfundishi kutembea, na ngazi za mawe za nyumba zetu hapa Lamu zilivyosimama, mimi naogopa kweli. Canada ilivipiga marufuku mwaka 2004.

Ila ukiona anatumia mkono au mguu wa upande mmoja tu, mwili umelegea mno au umekakamaa, au amepoteza alichokuwa akikiweza, usingoje: mpeleke kliniki na kitabu chake.