Kamba na changu bila mafuta mengi

Pole kwa kuuguza, dada. Umeuliza utampikiaje mama mwenye presha kamba wa baharini na samaki aina ya changu bila kuwazamisha kwenye mafuta. Inawezekana kabisa, na wanakuwa watamu mno.

Kamba wamenye, wapasue mgongoni utoe ule uzi mweusi, waoshe, kisha wakaushe vizuri kwa kitambaa safi. Wakibaki na maji watachemka tu. Kikaango kiwe cha moto, weka kijiko kimoja cha mafuta na kitunguu saumu kilichotwangwa. Dakika mbili upande huu, mbili upande wa pili. Wakishapata rangi ya waridi na kujikunja, epua hapo hapo! Ukizidisha wanakuwa kama mpira.

Changu mchanje, mpake tangawizi na pilipili manga, mkamulie ndimu dakika chache tu kabla ya kupika (ikikaa sana nyama inakakamaa). Mfunge kwenye jani la mgomba, mpike kwa mvuke kama dakika 15. Nyama ikiwa nyeupe pee na kuachana na mfupa, kaiva.

Chumvi kidogo sana, na tafadhali achana na vile vidonge vya mchuzi, vimejaa chumvi. Kotimiri na ndimu vinatosha.