Wasomaji Waliuliza: Marktbreit, Mji Mdogo wa Mto Main

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi wakazi wa Mwanza tunajua kwamba jiji letu lina uhusiano wa udugu na jiji la Würzburg, Ujerumani, tangu mwaka 1966. Binti yangu yuko huko kimasomo, na siku za mapumziko hupanda treni kwenda kuitazama miji midogo ya kando ya mto Main. Ameusifu sana mmoja uitwao Marktbreit. Naomba kufahamishwa mji huo ulikuaje na una nini cha kutazamwa. (Mzazi, Kirumba, Mwanza)

JIBU: Ndugu mzazi, binti yako amechagua vizuri. Marktbreit uko kusini-mashariki ya Würzburg, mwendo wa treni usiofika nusu saa, na wakazi wake hawafiki 5,000. Ili kuelewa kwa nini mji mdogo hivyo una majengo ya fahari kiasi hicho, ni lazima kwanza kuutazama mto wenyewe. Main, wenye urefu wa kilomita zipatazo 525, hauendi moja kwa moja hadi unapoingia katika mto Rhine karibu na Mainz. Katika eneo hilo hushuka kusini, kisha hupinda na kupanda tena kaskazini, na Marktbreit umekaa penye kona ya kusini kabisa. Mfanyabiashara aliyetaka kupeleka shehena yake katika miji ya upande wa mto Danube alijua kwamba hapo ndipo pa kuishusha, kwa sababu safari ya nchi kavu iliyobaki ilikuwa fupi kuliko akianzia sehemu nyingine. Mji uliishi kwa kazi hiyo ya kutoa mizigo majini na kuipandisha kwenye mikokoteni, kazi ambayo mtu yeyote aliyelelewa karibu na gati za Mwanza anaielewa bila kufafanuliwa.

Kabla ya injini, mashua za mizigo zilizokwenda kinyume na mkondo zilivutwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni. Zilipofika Marktbreit zilipakuliwa kwa winchi ambayo bado imesimama pale mtoni, na mimi ningemshauri kila mgeni aanzie hapo. Winchi hiyo ya mwaka 1784 ni jengo la mawe la duara, lenye paa lililochongoka na mkono mrefu wa mbao uliotokeza nje. Ndani yake watu walitembea katika gurudumu kubwa wakilikanyaga kwa miguu, gurudumu likazungusha mhimili, kamba ikajikunja na mzigo ukapanda. Miongoni mwa mizigo iliyoutajirisha mji katika karne ya 18 na mwanzoni mwa ile ya 19 ilikuwapo kahawa, iliyotoka bandari za baharini na kupandishwa kwa njia ya mito. Wasomaji wetu wa Bukoba watafurahi kujua kwamba zao hilo lilijenga nyumba za matajiri hata katika nchi isiyoota mkahawa hata mmoja.

Ukitoka mtoni unaingia mjini kwa lango la mwaka 1600, liitwalo Maintor, yaani Lango la Main. Pembeni yake kijito cha Breitbach hupita kuelekea mtoni, na juu ya kijito hicho imeegemea nyumba ya zamani ya fremu za mbao zilizojazwa kuta katikati. Wachoraji wameipenda nyumba hiyo kiasi kwamba mahali pale pakaitwa Malerwinkel, Pembe ya Wachoraji, na siku hizi ni makumbusho ya mji. Mbele kidogo liko jumba la halmashauri, lililoanza kujengwa mwaka 1579. Majengo haya ni ya zama za makabaila wa ukoo wa Seinsheim, ambao baadaye walifuatwa na ukoo wa Schwarzenberg. Wafanyabiashara Wayahudi nao walikuwa na sehemu kubwa katika uhai wa mji huo kwa karne kadhaa, hadi jamii yao ilipoangamizwa na utawala wa Wanazi. Mgeni anayezitazama nyumba nzuri asiache kuwakumbuka.

Mwaka 1864 reli ya kutoka Würzburg ilifika, na shehena ikaanza kupita bila kuhitaji tena wachukuzi wa Marktbreit. Hapa ndipo ninapoona jambo linalotuhusu sisi wa ukanda wa Ziwa. Reli iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928 ilikutana na ziwa ambalo halina njia ya mkato, kwa hiyo reli na meli zikahitajiana, na mji ukapanuka. Marktbreit ilikuwa kinyume: reli ilikimbia sambamba na mto, ikachukua kazi ya mto, na mji ukabaki na ukubwa wake wa zamani. Naamini hiyo ni sababu kubwa ya lango, winchi na jumba lile kuonekana leo karibu kama vilivyojengwa, kwa kuwa hapakuwa na fedha nyingi wala haja ya kuvibomoa ili kupisha vipya.

SWALI: Je, ni kweli kwamba daktari ambaye ugonjwa wa kusahau wa wazee umepewa jina lake alizaliwa katika mji huo? (Muuguzi, Bugando)

JIBU: Ni kweli. Alois Alzheimer alizaliwa Marktbreit tarehe 14 Juni 1864, baba yake akiwa mthibitishaji wa hati za kisheria. Alisoma udaktari Berlin, Tübingen na Würzburg, na ni Würzburg alikopata shahada yake ya udaktari mwaka 1887. Mwaka 1901, akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Frankfurt, alianza kumchunguza Auguste Deter, mwanamke wa miaka 51 aliyekuwa amepotewa na kumbukumbu. Mgonjwa huyo alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliupima ubongo wake kwa hadubini na kueleza mabadiliko aliyoyaona mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen mwaka huohuo. Jina la ugonjwa lilitolewa na mkuu wake, Emil Kraepelin, katika kitabu cha mwaka 1910. Nyumba aliyozaliwa imehifadhiwa kuwa makumbusho tangu mwaka 1995. Kwa mtu wa taaluma yako, dada muuguzi, ningeitanguliza kabla ya lango na winchi, kwa sababu Deter alisikilizwa kwa makini na maneno yake yakaandikwa, katika zama ambapo wengi wa hali yake walifungiwa tu.

SWALI: Nimesoma kwamba Warumi walifika huko. Wameacha nini? (Mwalimu, Sengerema)

JIBU: Wameacha alama ardhini tu. Mwaka 1985 picha zilizopigwa kutoka angani zilionyesha mistari katika mashamba ya kilima cha Kapellenberg, juu ya mji, kwa kuwa mazao huota tofauti pale palipowahi kuchimbwa handaki. Wanaakiolojia walipofukua walikuta kambi ya jeshi ya zama za Kaisari Augusto, yenye eneo la hekta zipatazo 37, inayotosha vikosi viwili vikubwa vya Kirumi. Ilitumika kwa muda mfupi mno. Anayepanda kilimani leo asitarajie kukuta magofu wala nguzo, lakini kutoka juu ataona kona yote ya mto, na ataelewa kwa nini majemadari waliichagua.