Jibu: Karafuu, kioevu bado cheusi baada ya kusafisha

Ndugu, umeuliza kuhusu kupima mabaki ya viuatilifu (dawa za kuua wadudu na magugu): kwa nini sampuli yako ya karafuu, gramu 10 kwa mililita 10 za asetonitrili, kiyeyusho cha kutolea viuatilifu, bado ni nyeusi na vilele vya viuatilifu havionekani kwenye mchoro wa kifaa. Tatizo linaanza kwenye mizani. Gramu 10 ni za nyanya na mchicha. Viungo vikavu pima gramu 2, ongeza maji mililita 10, acha viloe, ndipo uweke asetonitrili na chumvi. Usiruke maji: unga mkavu hautoi vizuri kilichomo ndani yake.

Karafuu ni ngumu kupima kuliko binzari nyembamba au mdalasini. Mafuta yake hufika asilimia 15 na zaidi ya uzito, na mengi ni yujenoli, kemikali yenye harufu ya karafuu, inayogeuka mvuke kwenye GC (kifaa kinachotenganisha kemikali zikiwa gesi) pamoja na viuatilifu vyenyewe. Kati ya unga wa kusafishia, PSA hupunguza asidi na sukari, C18 hupunguza mafuta mazito, lakini yujenoli huwezi kuimaliza. Kwa hiyo tumia MS/MS (kipimo kinachotambua kila kemikali kwa uzito wa molekuli na vipande vyake), tena zimua kioevu mara 5 au 10 kama kifaa chako kina unyeti wa kutosha.

Kaboni nyeusi, unga mwingine wa kusafishia, ndiyo inayokuvutia kwa sababu hunasa rangi, najua. Tafadhali iweke kidogo, miligramu 5 hivi kwa mililita. Hunasa pia viuatilifu vyenye molekuli bapa kama heksaklorobenzini na thiabendazoli, ukapata kioevu safi na jibu la uongo. Na kama unatafuta 2,4-D, dawa ya magugu ambayo ni asidi, chota kioevu kabla ya PSA, isije ikainasa.

Viwango vya kulinganishia, yaani miyeyusho ya viuatilifu yenye kiasi kinachojulikana, vitengeneze ndani ya kioevu cha karafuu isiyo na dawa, si kwenye asetonitrili tupu.