Resiva ya mtumba au redio mpya ya boksi?

Ndugu yangu, umesema una laki nne, spika tano za omu 8 (kipimo cha ukinzani wa spika) na runinga yenye HDMI ARC (tundu linalorudisha sauti ya runinga kwenye resiva), ila unasita kati ya redio mpya ya boksi na resiva ya mtumba, yaani mashine ya kuendesha spika zako. Chukua mtumba. Zile "wati 1000" za kwenye boksi zisikutie tamaa. Resiva yenye wati 70 za kweli kwa kila spika inatosha kabisa kwa sebule ya kawaida.

Kabla hujauliza bei, igeuze usome kibandiko cha nyuma. Ukikuta 120V 60Hz, hiyo ni ya Marekani. 100V ni ya Japani. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 imekwisha, na transfoma ya kushusha umeme ni gharama nyingine. Tafuta iliyoandikwa 230V.

Usiongeze hela ili resiva ipitishe picha kali za 4K. King'amuzi na deki chomeka kwenye runinga, sauti irudi kwenye resiva kwa ARC. Hakikisha tu tundu lake la HDMI OUT limeandikwa ARC.

Dukani iwashwe mbele yako. Baada ya sekunde chache utasikia "tak" ya relei (swichi ya ndani) ikifungulia sauti. Ikijizima yenyewe, achana nayo. Nenda na spika yako moja, washa sauti ya majaribio iliyomo kwenye menyu, uipitishe matundu yote matano ya spika, ukizima kwanza kila unapohamisha waya. Na rimoti yake usiiache, maana bila hiyo menyu nyingi hazifunguki.