Uchumi Ukianguka Ughaibuni, Nani Hurudi Nyumbani? Majibu kwa Wasomaji wa Tanga

Maswali yaliyonifikia safari hii yanazunguka jambo moja, nalo ni hali ya watu wetu waliokwenda kutafuta riziki mbali pale nchi walizoziendea zinapopatwa na mdororo wa uchumi. Nayajibu kwa zamu.

Binti yangu anafanya kazi za ndani Maskati. Nasikia bei ya mafuta ikishuka wageni hurudishwa makwao. Nijiandae kumpokea? (Mama, Makorora)

Mama yangu, hofu yako ina msingi, lakini pigo hilo haliwaangukii wageni wote kwa uzito mmoja. Bei ya mafuta ghafi iliposhuka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya mwaka 2014 hadi chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016, walioumia kwanza katika nchi za Ghuba walikuwa mafundi na vibarua wa ujenzi, kwa sababu serikali zilipunguza miradi na makandarasi wakakosa fedha za kuwalipa. Mwaka 2018 Oman ilisitisha kwa muda viza mpya za kazi za aina 87 ili raia wake wapate nafasi, na kazi za ndani hazikuwamo; tena familia yenye watoto wadogo na wazee huendelea kuhitaji msaidizi hata mapato yakipungua.

Hatari ya binti yako iko kwingine. Mwajiri aliyebanwa huanza kuchelewesha mshahara, au humpunguza msaidizi mmoja na kumtwika aliyebaki kazi za watu wawili. Kwa kuwa kibali cha kukaa kimefungwa kwa kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, mfanyakazi anayedai haki yake huhofia kurudishwa, na anayetoroka huhesabiwa kuwa amevunja sheria ya nchi. Kwa hiyo akipiga simu, zaidi ya kumuuliza kama ni mzima, muulize kama mshahara wa mwezi uliopita umeingia, pasipoti yake anayo nani, na mkataba wake unaisha lini.

Babu yetu alikuja kutoka Kigoma akiwa manamba, yaani kibarua wa shamba la mkonge. Mkonge ulipoanguka, kwa nini hakurudi kwao? (Msomaji wa Korogwe)

Nimelifurahia sana swali hili, kwa sababu mkoa wetu umeyaona mambo haya zamani kuliko wengi wanavyodhani, na yaliyotokea hapa yanapingana na mawazo ya kawaida.

Tuanze na miaka ya 1930. Baada ya soko la hisa la New York kuanguka mwaka 1929, bei ya mkonge duniani ilishuka hadi chini ya nusu. Mtu angetarajia mashamba ya Tanga na Pangani yabaki matupu, lakini sivyo ilivyokuwa. Wenye mashamba walikata mishahara na kuzidisha uzalishaji ili kufidia bei, na bado vibarua walijitokeza kwa wingi kuliko awali. Sababu ilikuwa kodi. Mkulima wa bara aliyezoea kuuza karanga au pamba yake ili apate shilingi za kumlipa mkoloni alikuta bei ya zao lake nayo imeanguka, ilhali kodi ilidaiwa palepale. Akafunga safari, akapewa namba na kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku zake za kazi, akakata mkonge kwa ujira ambao miaka michache kabla angeukataa. Mdororo ule, badala ya kuwarudisha watu makwao, uliwatoa majumbani.

Anguko la pili, ambalo huenda ndilo lililomkuta babu yako, lilikuja baada ya 1964, mwaka ambao Tanganyika, nchi iliyokuwa ikiongoza duniani kwa mkonge, ilizalisha takriban tani 230,000. Kamba za nyuzi za plastiki zikaingia sokoni kwa bei nafuu, bei ya mkonge ikaporomoka, na sekta iliyowahi kuajiri zaidi ya watu laki moja ikaendelea kupungua hata uzalishaji, mwishoni mwa miaka ya 1990, ukawa chini ya tani 30,000. Wakati huo mzee aliyekuja akiwa kijana alikuwa na mke wa hapa, watoto waliozaliwa kambini, na kipande cha shamba la mahindi kando ya mkonge. Huko Kigoma ndugu walikuwa wamekwisha kugawana ardhi, na kurudi mikono mitupu baada ya miaka ishirini ni jambo zito kwa mwanamume yeyote. Sioni sababu ya kumlaumu. Alipima, akaona kwamba kubaki kuna gharama ndogo kuliko kurudi.

Je, Ulaya nako si huwafukuza wageni kazi zikiisha? (Mwanafunzi, Chumbageni)

Hujaribu, na mara nyingi matokeo huwa kinyume. Ujerumani Magharibi ilisimamisha kuajiri wageni Novemba 1973, wakati wa mgogoro wa mafuta. Waturuki na wengine waliokuwamo walielewa kwamba akitoka mtu hataruhusiwa kurudi tena, hivyo wengi walibaki na kuwaita wake na watoto, na idadi ya wageni, iliyokuwa karibu milioni 4, ilikaribia milioni 4.5 mwaka 1980. Hispania nayo, kuanzia 2008, iliwaahidi wageni waliopoteza kazi malipo yao ya ukosefu wa ajira kwa mkupuo, mradi waondoke na wasirejee kwa miaka mitatu, lakini waliokubali walikuwa wachache. Penye nguvu tupu mambo huwa mengine: Januari 1983, mapato ya mafuta yalipopungua, Nigeria iliwaamuru zaidi ya wageni milioni moja, wengi wao Waghana, kuondoka kwa muda wa majuma machache.

Wageni ndio wanaomaliza kazi za wenyeji wakati wa mdororo? (Msomaji wa Pangani)

Kwa kawaida mgeni ndiye hutangulia kufukuzwa kazini. Hispania mwaka 2013, ukosefu wa ajira kwa jumla ulifikia takriban robo ya nguvukazi, lakini kwa wageni ulizidi theluthi, kwa kuwa wengi wao walikuwa katika ujenzi, sekta iliyoanguka kabla ya nyingine.

Mume wangu yuko nje. Hali ikiharibika huko, fedha zitakatika? (Mama, Ngamiani)

Dada yangu, huku kwetu Ngamiani yuko jirani ambaye kila akitoka kwa wakala wa pesa huandika kiasi alichopokea katika daftari la shule la mwanawe. Alinionyesha ukurasa wa mwaka 2020, mwaka wa korona: Aprili ameweka mstari mtupu, Mei nusu, Juni nusu, na Agosti kiasi kimezidi cha Januari. Aprili hiyohiyo Benki ya Dunia ilikadiria kwamba fedha zitumwazo na wahamiaji zingepungua kwa takriban asilimia 20. Zilipungua kwa chini ya asilimia 2.

Sehemu ya maelezo ni kwamba mipaka ilifungwa, na fedha zilizokuwa zikibebwa mkononi zikapita mahali zinapohesabiwa. Sehemu nyingine ni watu wenyewe, ambao hulala sita chumba kimoja na kula mlo mmoja ili nyumbani kusipungue. Ndiyo maana nakuomba, anapotuma kama kawaida wakati wa dhiki, umuulize yeye anakula nini.

Nina fursa ya kwenda Ghuba, lakini wakala anataka nilipe sasa hivi na inabidi niuze shamba. (Kijana, Duga)

Usiuze shamba, mdogo wangu. Mtu aliyekwenda kwa mkopo au kwa kuuza ardhi ndiye asiyeweza kuacha kazi mbaya wala kurudi mdororo ukitokea. Nenda kwanza TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, uulize kama wakala anayekuita anatambuliwa, kisha udai mkataba kwa lugha unayoisoma, ulinganishe mshahara uliomo na ule aliokutajia kwa mdomo. Kama kazi yenyewe ni ya ujenzi, uulize pia ni nani atakayelipa nauli ya kurudi mradi ukisimama kabla ya mkataba kuisha, na jibu hilo liwe limeandikwa.