Dada wa Kisauni, kabla hujaacha kazi walaze watoto mapema

Waalaykum salaam dada. Nimeyasoma yote ulivyoeleza, watoto watatu, wa gredi 2, wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) mwenye miaka minne na huyo mdogo wa miezi minane, wewe kazi yako mjini, baba watoto zamu za bandarini, asubuhi vilio mpaka jirani anagonga mlango kuuliza kuna nini, na sasa waulizia uongeze dada wa kazi wa pili ama uache kazi kabisa ukae nyumbani. Mie nna wanne, nakaa Likoni, kazi yangu iko kisiwani Mombasa na mume wangu pia ni mtu wa zamu, kwa hivyo haya mambo nayajua vizuri sana. Kwa maoni yangu usifanye lolote kati ya hayo mawili kwa sasa. Umesema mwenyewe watoto wanalala saa nne, siku nyengine saa nne na nusu, na asubuhi yako yote inaharibikia hapo.

Hebu tupige hesabu. Gari la skuli linapita saa kumi na mbili na robo, kwa hivyo unawaamsha saa kumi na moja na nusu. Wa PP1 akilala saa nne amepata masaa saba na nusu tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019 kwa watoto wa chini ya miaka 5, mtoto wa miaka 3 na 4 anatakiwa apate masaa 10 mpaka 13 kwa siku ukijumlisha na usingizi wa mchana, wa mwaka 1 na 2 masaa 11 mpaka 14, na huyo wako wa miezi minane ni 12 mpaka 16. Wa gredi 2 naye, kuanzia miaka 6 mpaka 12 wataalamu wa usingizi wanasema 9 mpaka 12. Sasa PP1 skuli nyingi hawalazwi mchana, kwa hivyo yale masaa yote lazima ayapate usiku na wewe unampa saba na nusu. Mtoto anayelia kwamba soksi zinamuwasha, uji ukiwa moto analia, ukipoa analia, kiatu hiki hakitaki, huyo hajashiba usingizi. Umpige umbembeleze kilio ni kilekile, na mtoto akishalala vya kutosha utashangaa yeye mwenyewe anatafuta kiatu.

Kwetu watoto wadogo adhana ya isha, kama saa moja na nusu hivi, inawakuta kitandani. Yule wa gredi 3 anaongeza kidogo, mwisho saa mbili.

Najua utasema mtoto wa Mombasa atalala vipi saa moja na nusu na joto hili, na kaskazi ikianza Disemba mpaka kufika Machi ndio balaa kabisa. Ni kweli, na hili ndilo lililotuchukua muda kulipatia dawa kuliko yote. Nyumba yetu ni ya mabati, jua likizama mabati bado yanatoa joto, chumba cha watoto saa moja kilikuwa hakikaliki. Kitu cha kwanza tulichofanya ni kutoa moto ndani, yaani mapishi ya kuchemka kwa muda mrefu kama maharagwe, mbaazi, nyama, yote yamalizike asubuhi ama yapikwe nje uwani, usiku ni kupasha tu. Jiko likiwaka ndani kuanzia saa kumi na moja mpaka saa mbili halafu ulalamike watoto hawalali, watalala vipi. Cha pili wavu kwenye madirisha, si wavu wa mapambo, ule wa chuma wa fundi, kwa sababu mbu wanaingia jua likizama na wengi wetu tunafunga madirisha saa hizo hizo upepo unapoanza kuwa mtamu. Ukiwa na wavu dirisha linabaki wazi usiku kucha, na chandarua pia kitandani usikiache. Feni ya kusimama tunaiweka kwanza iangalie dirishani, isukume joto la ndani litoke, kama nusu saa hivi, halafu ndio tunaigeuza kwa watoto. Na miezi ya joto kali tunatandika mkeka juu ya godoro, maana godoro la sponji linashika joto la mwili mtoto anaamka mgongo umeroa na vipele juu. Wanaoga maji ya baridi kabla ya magharibi, hawafutwi wakakauka kabisa, wanavalishwa nguo nyepesi ya pamba, leso pembeni wajifunike wakihisi baridi alfajiri.

Kusi ikiingia mambo haya yote yanakuwa mepesi, kwa hivyo kama unaweza kuanza kipindi cha mvua za Aprili na Mei ni bora, lakini usisubiri miezi, anza tu.

Lingine ni chuo, yaani madrasa. Hapa ntasema kitu ambacho wengine hawatakipenda. Mwanao wa miaka minne anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, skuli mpaka saa tisa, anabadilishwa nguo kwenye tuktuk, chuoni mpaka karibu na magharibi, akirudi anakuta homuweki ya kukata na kubandika. Hiyo ni siku ya mtu mzima wa kiwandani. Dini ni lazima na mie mwenyewe nataka wanangu wasome Qur'ani wahifadhi, lakini kwa yule mdogo nilikwenda kuongea na ustadhi wake kwa adabu, nikamweleza mtoto anasinzia hata akiwa mbele yake, na yeye mwenyewe akasema afadhali aje Jumamosi na Jumapili asubuhi akiwa na akili safi. Juzuu amma inakwenda vizuri mashallah kuliko alivyokuwa anakwenda kila siku amechoka. Kaongee na wako, maustadhi wengi ni wazazi pia.

Na homuweki, kama ni kazi ya kutafuta vifuniko vya chupa na maboksi, weka kapu moja nyumbani kila kinachofaa kitupwe humo, usiwe unakimbia dukani saa mbili usiku kutafuta karatasi ya manila. Ikishindikana kumaliza andika kwenye daftari mwalimu aone mtoto alilala. Kwetu mwalimu wa PP hajawahi kulalamika.

Wageni sasa. Sisi watu wa Pwani kutembeleana kwetu ni baada ya isha, na mgeni akija watoto wanaitwa wasalimie, tivi inawashwa, mara ni saa nne. Mavyaa wangu alikuwa anapenda kuja saa hizo maana ndio kumepoa. Nilimwambia, mama, wajukuu wako ukija usiku unawakuta nusu yao, njoo alasiri uwapate wazima. Sikumfungia mlango na sikumtuma mume wangu akamwambie, nilisema mwenyewe kwa upole nikiwa nyumbani kwake nimempelekea mahamri. Sasa anakuja alasiri, anakaa nao barazani, anawahadithia, mara nyingi yeye ndiye anayewalisha chakula cha usiku kabla sijavuka feri. Wakija wageni wengine baada ya isha wanakaribishwa, watoto hawaamshwi, basi. Ramadhani na Idi ni mambo mengine, hapo tunalegeza, na Idi ikiisha tunarudi taratibu.

Tivi na simu ni fupi tu, ule mwongozo wa 2019 unasema chini ya miaka 2 skrini hapana, 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku na ikipungua ni bora. Kwetu katuni ni mchana, ikishaadhiniwa magharibi tivi imezimwa hata kama ni mechi, baba anaangalia kwenye simu na spika za masikioni.

Kuhusu baba watoto, umeandika anakusaidia akiwa na nafasi. Hapo mie sikubaliani na huo mpango. Mtu wa zamu hana nafasi, akingojea nafasi itapita mwaka. Mpe kazi ambayo ni yake yote, kuanzia kuifikiria mpaka kuimaliza, usimkumbushe wala usimfuatie. Wa kwangu ana maji. Unajua maji yetu yanatoka mbali, Mzima huko Taita Taveta, Baricho, Marere, visima vya Tiwi, bomba moja likipasuka mji mzima unalia, na mgao ukifika kwetu mara nyingi ni usiku wa manane. Yeye ndiye anayejua siku ya maji, anajaza tangi na mitungi, yasipokuja yeye ndiye anayempigia wa mkokoteni, mie sijui hata kuna mitungi mingapi. Na akitoka zamu ya usiku anafika nyumbani alfajiri, anawavisha na kuwapeleka barabarani gari likija, ndio analala. Watoto wanampata baba yao kila siku ya zamu hiyo na mie natoka nyumbani na moyo mwepesi kuwahi feri kabla foleni haijashika.

Chakula sikuandikii kirefu maana kila nyumba ina yake, ila hili la Jumapili lijaribu. Mie nakuna nazi za wiki kwa pamoja, nakamua tui zito nalitia kwenye vikopo naganda, vitunguu na nyanya na thomu na tangawizi nazikaanga sufuria moja kubwa nagawanya, samaki anaoshwa anatiwa ndimu na chumvi anawekwa kwa mafungu ya mlo mmoja mmoja. Dada wa kazi saa kumi jioni anatoa fungu anapika mchuzi kwa nusu saa uwani, saa kumi na mbili kasoro watoto wameshakula. Staftahi siipiki siku za skuli. Jirani anauza mahamri na mbaazi kuanzia alfajiri, tunanunua, na wala sioni haya, ile ni riziki yake na ni nusu saa yangu.

Umetaja pia kwamba unakamulia maziwa chooni kazini. Dada hilo usikubali kimya kimya. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea ama kukamulia, na inakataza kisiwe choo. Anza kwa kuongea na mkubwa wako vizuri, mara nyingi ni stoo moja na pazia na kiti. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa mpaka masaa 4 kwenye joto lisilozidi digrii 25, ofisi isiyo na eesi (kipoza hewa) hapa kwetu inapita hapo, kwa hivyo yaingie friji mara moja ambapo yanakaa mpaka siku 4, na njiani beba kibebeo chenye barafu, jam ya Nyali bridge usiiamini.

Sasa namna ya kuanza. Usiwaambie kuanzia leo saa moja na nusu, watakukodolea macho gizani. Rudisha nyuma robo saa kila baada ya siku mbili tatu na uanze kwa kuwaamsha saa ileile kila siku hata Jumamosi, kwa sababu ukiwaacha mpaka saa tatu asubuhi wikendi, Jumapili usiku hakuna mtoto atakayelala. Mpangilio uwe uleule, kula, kuoga, kusali, kupiga mswaki, hadithi, taa. Hadithi mie nawasimulia taa ikiwa imezimwa, za sungura na fisi, nikifika saa hizo nimechoka na kulala pale ubavuni mwao kunanipumzisha na mie. Wakishalala nna masaa mawili yangu, napiga pasi yunifomu, nakula na mume wangu kama yupo tukaongea kama watu, saa nne na mie nimelala. Nilikuwa sina masaa hayo kabisa watoto walipokuwa macho mpaka saa nne, na ndio maana nakwambia usiamue kuhusu kazi kabla hujayapata. Mtu asiyelala huona kila kitu hakiwezekani, kazi, ndoa, hata watoto.

Niambie vitu viwili nikuongezee. Chumba cha watoto dirisha linaangalia upande gani, na dada wako wa kazi anaondoka saa ngapi, maana kama anaondoka saa kumi basi mpango wa kuwalisha kabla ya magharibi itabidi tuupange upya, labda umwongezee masaa mawili na umlipe za ziada kuliko kuandika wa pili.